Mpaka wa Uhai Uko Magadi

Kicheko si hoja. Mtu aliyeshindwa kulijibu swali aghalabu hulicheka, na wenzake wakicheka pamoja naye hudhani kwamba swali limekwisha kujibiwa. Nakuomba, msomaji kijana, ulishike neno hili mpaka mwisho wa insha hii, maana nimeiandika kwa sababu ya kicheko.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, mwaka 2025. Magazeti yalileta habari ya jiwe moja la sayari ya Mirihi. Chombo cha Marekani kiitwacho Perseverance, ambacho kilitua huko Februari mwaka 2021, kililiona jiwe hilo mwaka 2024 katika bonde lililopitiwa na mto zamani za kale. Jiwe lilikuwa na mabaka kama ya ngozi ya chui. Ndani ya mabaka hayo mlionekana madini ambayo hapa duniani mara nyingi hufanywa na vijidudu, ingawa yaweza pia kufanyika pasipo kiumbe chochote. Wataalamu hawakusema kwamba wameona uhai. Walisema kwamba wameona jambo linalostahili kuchunguzwa zaidi.

Mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu kwa umri na kwa kazi yake, aliisoma habari hiyo kwa sauti katika chumba cha walimu, akaliweka gazeti mezani, akasema: "Watoto wetu wanasomea chini ya mti, na wenzetu wanatafuta vijidudu mbinguni! Kama kwamba hayo hayatoshi, wengine wamepiga kambi majangwani na katika barafu, wanapasua mawe, ati wanajifunza uhai wa sayari nyingine. Kweli, wazimu una madaraja." Walimu wote tulicheka. Mimi pia nilicheka. Nilipofika nyumbani niliona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Sitaki kumdhulumu ndugu yangu huyo. Maneno yake yana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hukata kuliko uongo mtupu. Ni kweli kwamba zipo shule zisizo na madawati wala vitabu vya kutosha. Ni kweli pia kwamba roketi ni kitu cha gharama kubwa, na kwamba mtu mwenye njaa hashibi kwa habari za sayari nyekundu. Lau angaliishia hapo, ningalinyamaza. Lakini hakuishia hapo. Aliwacheka watu wa jangwani na watu wa barafu, na hapo ndipo ninapomkabili. Nadai kwamba kazi ya watu hao ndiyo yenye busara kuliko zote katika utafutaji huu. Kwamba ni kazi isiyohitaji hazina ya mfalme. Na kwamba nchi yetu ina haki ya kuifanya, tena ina wajibu, kuliko nchi nyingi za dunia.

Mtu aliyepotelewa na mbuzi hatoki kumtafuta kabla ya kukumbuka alama zake. Akitoka bila kuzijua, moja katika mambo mawili litampata: ama atampita mbuzi wake njiani asimtambue, ama atamkamata mbuzi wa jirani na kumwita wake. Utafutaji wa uhai una hatari hizo hizo mbili, na historia imekwisha kutuonyesha.

Mwaka 1976 vyombo viwili vya Marekani vilivyoitwa Viking vilitua Mirihi. Vilichota udongo, na katika jaribio moja vikautilia maji yenye chakula cha vijidudu, vikangoja. Hewa ilitoka, kama ambavyo ingetoka iwapo kiumbe amekula chakula na kupumua. Lakini kipimo kingine hakikukuta katika udongo ule vitu vya kaboni ambavyo miili ya viumbe hujengwa kwavyo. Kipimo kimoja kilisema ndiyo, kingine kikasema siyo. Wataalamu wengi wakaamua kwamba hewa ile ilitoka kwa nguvu za udongo wenyewe wala haikuwa pumzi ya kiumbe. Wachache wakakataa, na ubishi huo haujesha hata leo. Mashine hazikuwa na kosa, zilifanya zilichoagizwa. Upungufu ulikuwa katika elimu yetu. Tuliuliza swali katika sayari ya mbali kabla ya kuliuliza vya kutosha katika ardhi iliyo chini ya nyayo zetu.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyelitambua jambo hili mapema. Jina lake ni Wolf Vishniac, mtaalamu wa viumbe wa Marekani. Alitengeneza kifaa cha kutafuta vijidudu katika udongo wa Mirihi, lakini kifaa chake kiliondolewa katika safari ya Viking ili gharama zipungue. Mtu mwingine angalinuna. Yeye alifunga mizigo akaenda Antaktika, katika mabonde makavu yasiyo na jani wala mdudu, ambako watu walisema udongo ni mfu kabisa, akatega vyombo vyake ili aone kama ni kweli. Mwezi wa Desemba, mwaka 1973, alipokuwa akienda peke yake kuvichukua vyombo hivyo mlimani, aliteleza akaanguka, akafa.

Kisa chake hakikukoma hapo. Miongoni mwa vitu alivyoviacha yalikuwamo mawe aliyoyakusanya. Mjane wake aliyapeleka kwa mtaalamu mwingine, Imre Friedmann, na huyu alipoyachunguza akakuta kwamba ndani ya mawe, milimita chache tu chini ya uso, wanaishi viumbe. Wamejificha upepo na baridi kama watu wajifichavyo nyumbani wakati wa dhoruba. Mwanga kidogo hupenya hadi walipo, na theluji ikiyeyuka huwapa tone la maji. Habari za viumbe hao wa mabonde makavu zilichapishwa mwaka 1976, mwaka ule ule ambao Viking ilitua. Huku mashine zikikwangua uso wa udongo wa Mirihi, Antaktika ilikuwa ikitufundisha kwamba uhai uliobanwa huuacha uso na kuingia ndani ya jiwe. Je, aliyeyapasua mawe hayo alikuwa mwendawazimu?

Twende sasa katika jangwa la Atacama, nchini Chile. Ni mojawapo ya mahali pakavu kuliko pote duniani. Ziko sehemu zake ambazo miaka hupita bila mvua ya maana. Mwaka 2003 kundi la wataalamu, akiwamo Rafael Navarro-González wa Mexico, lilitangaza matokeo ya majaribio yaliyofanana na yale ya Viking, lakini udongo uliopimwa ulikuwa wa Atacama. Waliona nini? Waliona kwamba katika sehemu kavu kabisa vijidudu ni haba mno, vitu vya kaboni karibu havimo, na juu ya hayo udongo wenyewe hukivunja chakula kilichotiwa humo pasipo kuhitaji kiumbe. Jangwa la dunia lilijibu swali la Mirihi. Miaka mitano baadaye, mwaka 2008, chombo kingine kilichotua Mirihi kilikuta katika udongo chumvi kali iitwayo perikloreti. Chumvi hiyo inapatikana pia, kwa asili yake, katika Atacama.

Jangwa hilo lina somo jingine, na somo hili mtoto wa pwani atalielewa kuliko profesa. Yako humo mabonge makubwa ya chumvi, na ndani ya chumvi hiyo wataalamu wamekuta vijidudu hai vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Maji vinayapata wapi, ilhali mvua hainyeshi? Muulize mama yeyote wa Mombasa kwa nini chumvi yake huloa akisahau kukifunika kikopo wakati wa masika. Chumvi huvuta unyevu wa hewa. Unyevu mdogo upitao usiku jangwani hunaswa na chumvi, na kijidudu kilichomo hunywa pale ambapo wewe na mimi tungekufa kwa kiu. Tangu hapo mtafutaji wa uhai haruki tena bonge la chumvi kana kwamba ni kaburi.

Kisha, mwaka 2015 na mwaka 2017, mvua zisizo za kawaida zilinyesha katika kiini cha Atacama. Ungedhani viumbe wale walishangilia. La hasha. Katika madimbwi yaliyobaki baada ya mvua, sehemu kubwa ya vijidudu vya asili ilikufa, kwa maana vilikuwa vimezoea ukavu kama samaki alivyozoea maji. Sasa kumbuka kwamba Viking ilitia maji katika udongo wa Mirihi. Yamkini, kama palikuwa na kitu hai pale, karamu tuliyokiandalia ndiyo iliyokuwa sumu yake. Hatuna hakika. Lakini atakayepeleka mashine nyingine akiwa na hofu hiyo moyoni ataitengeneza kwa hadhari zaidi, na hadhari hiyo imetoka jangwani.

Usidhani, msomaji, kwamba watu hawa hutafuta habari njema tu. Mpaka una pande mbili, na anayeujua upande mmoja hajaujua mpaka. Jirani zetu wa Ethiopia wana mahali paitwapo Dallol, katika bonde la Danakil, zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari. Joto la chini ya ardhi husukuma juu maji ya chumvi yenye asidi kali, mengine yakichemka. Madimbwi yake ni ya kijani, manjano na rangi ya kutu, hata mgeni hudhani yamepakwa rangi. Mwaka 2019 kundi moja la wataalamu lilitangaza kwamba limeona humo dalili za vijidudu vidogo mno. Mwaka huo huo kundi jingine, la Purificación López-García anayefanya kazi Ufaransa, lilitangaza kwamba katika madimbwi makali kuliko yote halikukuta kiumbe hai, ijapokuwa maji yamo tele. Tena likaonya kwamba chembe za madini humo huweza kuchukua umbo kama la kijidudu, zikamhadaa atazamaye kwa hadubini.

Hilo ni jambo la thamani kubwa. Tulizoea kusema kwamba palipo na maji pana uhai. Dallol imetuambia kwamba maji peke yake hayatoshi. Tulizoea pia kuliamini jicho. Dallol imetuambia kwamba hata umbo huongopa. Na mtu akisoma habari ya jiwe la Mirihi lenye mabaka ya chui, huku anajua mambo ya Dallol, hatapiga vigelegele upesi wala hatacheka upesi. Atauliza: Je, madini haya yaweza kufanyika bila kiumbe? Katika joto gani? Katika maji ya namna gani? Hayo ndiyo maswali ya mtu aliyeelimika, nayo hayajifunzwi katika roketi. Hujifunzwa kwa kuinama juu ya dimbwi.

Sasa rudi pamoja nami nyumbani.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kwenye Ziwa Magadi. Ukitoka Nairobi, ukapita Kiserian na Olorgesailie, barabara hushuka ndani ya Bonde la Ufa kwa zaidi ya kilomita 100, na joto huongezeka kadiri unavyoshuka. Ziwa lenyewe si ziwa la kuogelea. Sehemu kubwa ya uso wake ni gamba jeupe la magadi, ambalo limechimbwa kwa biashara tangu zamani za ukoloni na hutumiwa katika kutengeneza kioo. Ni ndugu wa magadi yale yale ambayo nyanya zetu hutia katika maharagwe na mboga ili zilainike. Maji ya pale huchoma jicho na kuuteleza mkono kama maji ya sabuni. Kandokando ya ziwa zimo chemchemi za moto, na nyingine hukaribia nyuzi 86.

Katika vidimbwi vya chemchemi hizo huishi samaki mdogo wa jamii ya ngege. Mtaalamu asiyemwona angeapa kwamba hawezi kuwako. Samaki wengi hutoa taka ya miili yao kwa njia ya amonia inayopita kirahisi ndani ya maji. Katika maji makali ya magadi njia hiyo huzibwa. Samaki wa Magadi ana mlango mwingine: huigeuza taka hiyo kuwa urea, kama tufanyavyo wewe na mimi. Jambo hilo lilitangazwa na wataalamu mwaka 1989. Yeye alikuwa akilifanya kwa maelfu ya miaka bila kuomba ruhusa ya kitabu.

Tulimkuta pale mzee mmoja wa Kimaasai akichunga mbuzi wake. Tulimwamkia, naye akatuuliza tumekuja kutafuta nini. Nilipomweleza alitabasamu, akatuongoza kando ya kijito kinachotoka katika chemchemi, akaelekeza fimbo yake majini. "Tazameni, watoto wangu," alisema. "Samaki hufika hapa. Pale mbele hawaendi, wangeiva." Tulitazama, na tazama, ilikuwa kweli. Upande wetu samaki walijaa. Hatua chache mbele, karibu na jicho la chemchemi, hapakuwa na hata mmoja, kana kwamba mtu amepiga mstari ndani ya maji. Mwanafunzi mmoja alitumbukiza kipimajoto penye mstari ule. Kilionyesha zaidi ya nyuzi 40.

Nataka uelewe tulichokiona. Watu huvuka bahari, hulala katika mahema ya barafu, na mmoja niliyekutajia alikufa, kwa ajili ya kuutafuta mpaka wa uhai: mahali ambapo kiumbe anaweza kuishi, na hatua moja zaidi hawezi. Sisi tuliuona mpaka mmoja wa namna hiyo kwa nauli ya basi la shule, tukaonyeshwa kwa fimbo ya mchungaji. Msichana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mbona kitabu chetu kimetaja Antaktika, na hapa hakikupataja?" Sikuwa na jibu. Swali hilo lingali linanidai.

Na mpinzani wangu asiseme kwamba mambo ya Magadi ni ya Magadi tu, hayana uhusiano na mbingu. Sayari ya Zohali ina mwezi mmoja uitwao Enceladus. Umefunikwa kwa barafu, na chini ya barafu kuna bahari. Mwaka 2005 chombo kiitwacho Cassini kiliona kwamba kutoka katika nyufa za barafu hiyo, karibu na ncha ya kusini, chembe za barafu na mvuke hufoka kwenda angani. Kilipita katika mfoko huo mara kadhaa na kuzipima chembe zake, na ingawa kazi yake iliisha mwaka 2017, vipimo vyake viliendelea kusomwa. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba wameona humo fosfati, kitu ambacho pasipo hicho hakuna kiumbe tunayemjua awezaye kujijenga. Tena waliona kwamba maji ya bahari ile ni ya namna ya peke yake: yana kaboneti nyingi za sodiamu. Kwa Kiswahili chepesi, msomaji wangu, ni maji ya magadi. Na hapa duniani, maziwa ya magadi ndiyo yanayojulikana kwa kukusanya fosfati nyingi isiyopatikana katika maziwa ya kawaida. Basi atakayetaka kujua uhai unaweza kufanya nini katika bahari ya Enceladus, na aulize kwanza unafanya nini Magadi, Bogoria na Natron. Hatulazimishi uhusiano huu kwa kujipendekeza. Maji yenyewe yameufanya.

Najua neno litakalofuata. Ndugu yangu ataniuliza: "Haya ni mazuri kuyasikia, lakini yanalika?" Nitamjibu kwa habari ya kweli. Katika miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, Thomas Brock, alikuwa akichunguza chemchemi za moto za Yellowstone kwa hamu tu ya kujua nini kinaishi humo. Mwaka 1966 yeye na mwanafunzi wake Hudson Freeze walipata kijidudu kinachostawi katika joto la kama nyuzi 70, wakakieleza kwa maandishi mwaka 1969. Watu wangaliweza kuwacheka: kijidudu cha maji moto kina faida gani? Mwaka 1983 Kary Mullis alibuni njia ya kuinakili chembe ya urithi ya kiumbe mara nyingi mno, njia inayohitaji joto kali tena na tena. Kimeng'enya cha kawaida huharibika kwa joto hilo. Kimeng'enya cha kijidudu cha Yellowstone hakiharibiki. Kwa hicho njia ile ikawa nyepesi, ikaenea duniani kote, na mwaka 1993 Mullis akapewa Tuzo ya Nobel. Maradhi ya korona yalipofika Kenya mwezi wa Machi, mwaka 2020, na watu wakaingizwa vijiti puani ili wapimwe, kipimo kile cha maabara kilitokana na njia hiyo. Huenda hata ndugu yangu alipimwa. Ikiwa alipimwa, basi alihudumiwa na watu anaowacheka.

Sisemi kwamba kila dimbwi litazaa dawa. Mengi hayatazaa kitu ila ujuzi. Nasema tu kwamba hakuna ajuaye mapema ni dimbwi lipi litakalozaa, na anayesubiri kuonyeshwa faida kabla ya kuchunguza atakuwa siku zote mnunuzi wa faida za wengine.

Neno hilo la ununuzi linanileta kwenye kidonda chetu wenyewe. Mwaka 2004 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilidai hadharani sehemu ya faida iliyotokana na vijidudu vya maziwa yetu ya magadi, ambavyo vimeng'enya vyake vilikwisha kuingia katika biashara ya sabuni na ya kupausha nguo za jinzi. Tulikasirika, na hasira ilikuwa na haki yake. Leo yapo makubaliano ya dunia, Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, yanayotaka mwenye nchi apate fungu lake. Lakini hebu tujiulize swali moja ambalo hasira hulificha. Kabla ya mgeni kufika na kichupa chake, ni wangapi miongoni mwetu walikuwa wamekwisha kutazama maji yale kwa hadubini? Sheria humlinda mwenye mali dhidi ya mwizi. Haimpi ujuzi wa mali asiyoijua.

Wala mtu asiniambie kwamba anga halikupata kutuhusu. Tarehe 12 Desemba mwaka 1970, kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano waliirushia Marekani setilaiti ya kuchunguza miali ya nyota. Ilipewa jina Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu. Nakumbuka nilivyofurahi niliposoma habari hiyo katika chuo cha ualimu; na nakumbuka pia nilivyosononeka baadaye nilipotafakari. Jina lilikuwa letu, pwani ilikuwa yetu, kazi ilikuwa ya wengine. Sitaki kizazi chako, msomaji, kitosheke na jina.

Basi nifanye nini, utauliza, mimi ambaye shule yangu haina hata hadubini? Anza na ulicho nacho. Kipimajoto kimoja, karatasi za kupimia asidi, daftari na kalamu, na ruhusa ya wenye mahali: hivyo vyatosha kwa mwanzo. Usitie mkono katika chemchemi ya moto, wala usikanyage gamba la chumvi usilolijua, maana elimu haitaki mashujaa waliobabuka. Andika joto la maji, mahali na saa. Andika rangi ya utelezi ulio juu ya mawe, kwa maana kila rangi yaweza kuwa kundi jingine la viumbe. Rudi mwezi mwingine uandike tena. Uliza wazee, maana mchungaji huona kwa miaka yote 50 aliyokaa pale, na mgeni huona kwa wiki yake mbili. Na kama kwenu hakuna ziwa la magadi, tazama jiwe la mlimani, ukuta wa tangi la maji, chumvi inayokauka katika mashamba ya chumvi ya pwani. Kila mahali pana mpaka wake.

Nawe mwalimu mwenzangu, ikiwa macho yako yameangukia ukurasa huu, sikuombi uache kudai madawati. Tuyadai pamoja. Lakini usimfundishe mtoto anayekaa juu ya jiwe kwamba jiwe halistahili kutazamwa. Tukimfundisha hivyo, tutakuwa tumemnyima dawati na tumemnyima jiwe pia.

Yamkini utafutaji huu utakwisha bila kuona uhai popote ila hapa. Waliocheka watasema: hatukuwaambia? Watakuwa wamekosea hata hapo. Kwa maana siku itakapothibitika kwamba mbingu zilizo karibu nasi ni tupu, kidimbwi cha Magadi chenye samaki wake wadogo kitakuwa kitu adimu kuliko dhahabu yote ya dunia, na atakayekichafua atakuwa amefanya kosa lisilo na fidia. Na kama uhai utaonekana, utatambuliwa na mtu aliyekwisha kujifunza sura yake katika mahali pagumu pa hapa chini. Kwa vyovyote vile, njia inapita penye chemchemi ile, penye mstari ule ulioonyeshwa kwa fimbo.

Siku moja utasikia watu wakilicheka swali lako. Usikasirike, wala usicheke nao kama nilivyocheka mimi. Ngoja wamalize, kisha waulize kwa adabu hoja yao ni ipi.